Mtihani wa Kitaaluma wa Akili Unde: Unampima Nani, na Unamhakikishia Nini Mgonjwa?

Katika zoezi moja la uchunguzi wa kifua kikuu wilayani Kisarawe, mzee mmoja alisimama mbele ya mashine ndogo ya eksirei, akapigwa picha ya kifua, kisha akaelezwa kwamba programu ya kompyuta ingeitazama picha hiyo kabla ya daktari. Hakukataa. Aliuliza tu: “Daktari mwanangu, wewe najua umesomea udaktari na umefanya mitihani. Hiyo kompyuta imesomea wapi, na nani aliisahihishia?” Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu la kumpa.

Swali hilo ndilo lililonifanya, nikiwa daktari bingwa mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini, nirudi kusoma na kufanya mtihani wa kitaaluma wa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Katika makala haya ninaeleza mtihani huo ni nini, namna nilivyojiandaa, kwa nini nilishindwa mara ya kwanza, na jambo ambalo kila mhudumu wa afya na kila mgonjwa anapaswa kulifahamu: cheti hiki humpima mtu anayeunda mfumo, hakiupimi mfumo wenyewe.

Mtihani huu ni nini?

Programu nyingi za akili unde hazifanyi kazi ndani ya kompyuta iliyo mezani petu. Hufanya kazi katika kompyuta kubwa zilizoko mbali, zinazomilikiwa na kampuni na kukodishwa kwa njia ya intaneti. Huduma hizo huitwa huduma za wingu. Kampuni zinazozitoa, zikiwamo Google, Microsoft na Amazon, hutunga mitihani ya kuthibitisha kwamba mtu anaweza kuzitumia kwa ustadi.

Mimi nilichagua mtihani wa Google wa mhandisi mtaalamu wa ujifunzaji wa mashine. Una maswali kati ya 50 na 60 ya kuchagua majibu, yanayojibiwa kwa saa 2. Ada yake ni dola 200 za Marekani, ambazo ni takriban nusu milioni ya shilingi zetu, bila kodi. Hakuna sharti la shahada fulani, lakini watungaji wanashauri mtahiniwa awe na uzoefu wa kazi wa miaka 3 au zaidi. Cheti hudumu kwa miaka 2, kisha mwenye nacho hulazimika kupimwa upya. Kiswahili si miongoni mwa lugha za mtihani huo. Nilifanya kwa Kiingereza.

Maudhui yake, kwa maneno mepesi, ni haya: kuandaa data, kuchagua aina ya modeli, kuifundisha, kuipima, kuiweka kazini, na kuendelea kuichunguza baada ya hapo ili kuona kama bado inafanya kazi sawasawa. Modeli ni kanuni ambayo kompyuta imejijengea kutokana na mifano mingi iliyoonyeshwa. Ikionyeshwa maelfu ya picha za vifua vyenye ugonjwa na visivyo na ugonjwa, hujifunza tofauti zake, kisha huipa picha mpya alama ya kuonyesha kiasi cha shaka.

Nilivyojiandaa vibaya

Nilijisomea usiku nyumbani Kibaha, eneo la Maili Moja, baada ya zamu. Kwa miezi mitatu nilikariri majina ya huduma: ipi huhifadhi data, ipi hufundisha modeli, ipi huisambaza. Nilisoma jinsi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavyosoma majina ya mifupa.

Mtihani niliufanya kwa kusimamiwa kutoka mbali. Msimamizi huangalia kitambulisho, ambacho jina lake lazima lilingane na lile ulilojiandikishia, kisha hukutaka uzungushe kamera uonyeshe chumba chote. Meza huwa tupu: hakuna simu, karatasi wala mtu mwingine chumbani. Anayeishi mahali ambapo umeme au intaneti haina uhakika ni heri aende katika kituo cha mitihani. Mimi niliazima betri ya akiba na kulala na wasiwasi.

Umeme haukukatika. Nilishindwa mwenyewe. Jibu lilikuja kwa neno moja tu la kushindwa, bila alama na bila kuonyeshwa makosa. Kanuni zinamtaka aliyeshindwa mara ya kwanza asubiri siku 14 kabla ya kurudia. Akishindwa tena, siku 60. Nilisubiri zaidi ya hapo, kwa kuwa nilihitaji kwanza kukiri kilichonishinda. Maswali hayaulizi jina la dawa, yanamweleza mgonjwa. Yanatoa hali: taasisi fulani ina data ya namna hii, fedha kiasi hiki, intaneti dhaifu, na lengo hili. Ufanye nini? Mara nyingi majibu mawili yote ni sahihi, lakini moja ndilo linalofaa kwa hali iliyoelezwa. Kwa daktari hii ilikuwa aibu, maana ndivyo tunavyowafundisha wanafunzi wetu kila siku.

Hapa nitoe onyo. Zipo hati zinazouzwa mtandaoni zikidai kuwa na maswali halisi ya mtihani. Kuzitumia ni udanganyifu, na anayebainika anaweza kunyang'anywa cheti. Lakini hasara kubwa haimfikii mtahiniwa. Humfikia mtu atakayepigwa picha na mfumo uliojengwa na asiyejua anachokijenga.

Somo lililonifumbua macho

Katika maandalizi ya pili nilianza na upimaji wa modeli, nikatunga mifano yangu kwa kutumia mazingira ya Mkoa wa Pwani. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Si takwimu za ugonjwa.

Chukua watu 1,000 wanaochunguzwa katika vijiji vya Kisarawe, tuseme kuelekea Maneromango, na 10 kati yao wana kifua kikuu. Programu isiyofanya kazi yoyote, inayomwambia kila mtu kwamba ni mzima, itakuwa imesema kweli kwa watu 990. Usahihi wake ni asilimia 99, na imewaacha wagonjwa wote 10 warudi nyumbani wakikohoa. Kwa hiyo neno “usahihi” katika tangazo la programu yoyote halitoshi.

Vipimo viwili tunavyovijua katika tiba husaidia zaidi. Unyeti ni uwezo wa kumtambua aliye mgonjwa kweli. Umahususi ni uwezo wa kumwacha huru asiye mgonjwa. Tuseme programu ina unyeti wa asilimia 90 na umahususi wa asilimia 70. Kati ya wagonjwa 10, itawatambua 9 na kumkosa 1. Kati ya wazima 990, itawatilia shaka 297. Jumla ya watakaotakiwa kutoa makohozi ni watu 306, na wenye ugonjwa ni 9 tu, yaani takriban mtu 1 kati ya 34.

Sasa ichukue programu hiyohiyo uipeleke Kibaha, katika hospitali ya rufaa inayopokea watu ambao tayari wana kikohozi cha muda mrefu. Tuseme kati ya 1,000 wa namna hiyo, 100 wana ugonjwa. Programu itawatambua 90 na kuwakosa 10, na itawatilia shaka wazima 270. Sasa kati ya watu 360 wanaopelekwa maabara, 90 ni wagonjwa: mtu 1 kati ya 4.

Programu haikubadilika. Kilichobadilika ni watu walio mbele yake. Hivyo mtu wa Kisarawe akiambiwa picha yake ina shaka asidhani tayari ana ugonjwa, na mtaalamu wa maabara asiandaliwe vifaa vya kupimia watu 10 ilhali watakaokuja ni 306. Aidha, alama ambayo juu yake picha huhesabiwa kuwa na shaka, yaani kizingiti, huwekwa na binadamu. Ukikishusha, unawapata wagonjwa wengi zaidi na kuwasumbua wazima wengi zaidi. Ukikipandisha, unapunguza kazi ya maabara lakini unawakosa wagonjwa. Uamuzi huo ni wa kitabibu na wa kimaadili. Asiachiwe mhandisi peke yake.

Modeli hujifunza pia yasiyotakiwa

Somo la pili lilihusu chanzo cha data. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu nimonia ulionyesha kwamba modeli iliweza kutambua picha ya kifua ilipigwa hospitali gani, na ikafanya vibaya zaidi ilipopewa picha kutoka hospitali nyingine. Iwapo hospitali moja ina wagonjwa wengi kuliko nyingine, modeli inaweza kujifunza hospitali badala ya ugonjwa, kama mwanafunzi anayemtazama mwenzake usoni badala ya kusoma swali.

Mazingira ya kazi nayo hupima. Google ilipopeleka programu ya kuchunguza madhara ya kisukari machoni katika kliniki 11 nchini Thailand, zaidi ya picha 1 katika kila 5 ilikataliwa kwa ubora hafifu, na intaneti ya polepole ilichelewesha foleni. Modeli iliyofaulu maabara ilikutana na chumba chenye mwanga usiofaa. Yeyote aliyewahi kusubiri mtandao katika zahanati ya pembezoni hahitaji maelezo zaidi.

Nilirudia mtihani baada ya miezi miwili, nikafaulu. Cheti ninacho. Hata hivyo hakinipi ruhusa ya kusema kwamba programu fulani inafaa kwa wagonjwa wangu. Hilo huthibitishwa kwa kuipima programu hiyo kwa watu wetu, kwa mashine zetu, na kulinganisha majibu yake na ya maabara.

Je, kila mhudumu wa afya afanye mtihani huu?

Hapana. Muuguzi, tabibu au mtaalamu wa mionzi mwenye kazi nyingi hana haja ya kutumia nusu milioni kwa mtihani wa wahandisi. Anayependa anaweza kuanza na mitihani ya ngazi ya msingi, ambayo haihitaji ujuzi wa kuandika programu. Jambo la lazima ni kujua maswali ya kuuliza pindi mfumo unapoletwa kituoni:

1. Modeli ilifundishwa kwa picha au taarifa za watu gani, na je, imepimwa kwa watu wanaofanana na wetu?
2. Unyeti na umahususi wake ni kiasi gani katika mazingira kama yetu?
3. Kizingiti kimewekwa na nani, na nani ana mamlaka ya kukibadilisha?
4. Imeidhinishwa kwa umri gani? Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza programu za kusoma picha za kifua kikuu mwaka 2021, lilitaja watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Watoto hawakuwamo.
5. Intaneti ikikatika, kazi itaendeleaje?
6. Nani atafuatilia wale ambao programu imekosea kuwasoma?

Haki za mgonjwa

Picha ya kifua chako inapopanda kwenye wingu, inaweza kuhifadhiwa nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazopewa ulinzi wa pekee. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwa kwa lengo gani na zinapelekwa wapi. Una haki pia ya kutaka uamuzi unaokuathiri usiachiwe kompyuta peke yake. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na mhudumu asichukie.

Usiache, hata hivyo, kwenda kupimwa kwa kuogopa kompyuta. Programu hizi, zikitumiwa vizuri, huwafikia watu ambao wangesubiri kwa majuma picha zao zisomwe. Kikohozi kikidumu kwa wiki mbili au zaidi, hasa kikiambatana na homa, kutoka jasho jingi usiku au kupungua uzito, nenda kituo cha afya. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Picha yenye shaka si ugonjwa. Kipimo cha makohozi ndicho kinachofuata. Na picha isiyo na shaka, ikiwa kikohozi hakijaisha, si ruhusa ya kukaa nyumbani. Rudi.

Yule mzee wa Kisarawe akiniuliza tena, nitamjibu hivi: “Mzee wangu, kompyuta hii ilisomea kwa picha za watu wengine, wengi wao hawakai hapa. Waliyoifundisha wana vyeti, na mimi sasa ninacho kimoja. Lakini kuisahihisha ni kazi yetu hapa, kila siku, na makohozi yako ndiyo karatasi ya majibu. Kwa hiyo tafadhali, usiondoke kabla hujatoa.”