Nani Alimpa Romney Ukristo?

Tarehe 11 Oktoba 2012, ikiwa imebaki chini ya mwezi mmoja Wamarekani wapige kura, Mitt Romney alipanda milima ya North Carolina hadi Montreat, nyumbani kwa mhubiri Billy Graham, mzee wa miaka 93. Wakazungumza, wakaomba, wakapigwa picha. Siku chache baadaye waandishi wa habari wakagundua kuwa tovuti ya shirika la uinjilisti la Graham imebadilika. Awali ilikuwa na ukurasa uliotaja makundi yaliyopotoka kutoka Ukristo wa kweli, na Wamormoni walikuwa humo, bega kwa bega na Mashahidi wa Yehova. Sasa ukurasa ule umetoweka. Shirika lilijitetea kwamba halikutaka kujiingiza katika mjadala wa kitheolojia uliogeuzwa kuwa siasa za kampeni.

Utetezi huo una kasoro. Romney hakuwa ameikana imani yake, wala Graham hakuwa amehubiri kwamba mafundisho ya Wamormoni sasa ni sahihi. Kilichokuwa kipya ni kimoja tu: chama cha Republican kilikuwa kimemsimamisha Mmormoni kugombea urais.

Na swali lenyewe, kama Wamormoni ni Wakristo, si la kupuuzwa. Kanisa la Wamormoni, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830. Majira hayohayo kilichapishwa Kitabu cha Mormoni, ambacho Smith alisema alikitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika. Kitabu hicho kinasimulia kwamba Yesu, baada ya kufufuka, aliwatembelea watu wa bara la Amerika. Wamormoni wanaiheshimu Biblia, lakini wanaamini kwamba Mungu hakuacha kusema. Bado ana nabii hai duniani, na mitume kumi na wawili pamoja naye.

Hadi hapo Mkristo wa kawaida anaweza kukunja uso tu. Panapomvunja moyo ni penye fundisho kuhusu Mungu mwenyewe. Tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325, Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti, pamoja na ugomvi wao wote, wamekiri Mungu mmoja katika nafsi tatu. Wamormoni wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu walio mbalimbali kabisa, na umoja wao ni wa nia na kusudi. Wanafundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Wanafundisha pia kwamba roho za wanadamu ziliishi kwake kabla ya kuzaliwa, na kwamba mwanadamu mwaminifu anaweza kukwezwa hadi kuwa kama Mungu. Kwa mtu aliyelelewa na katekisimu, hiyo si tofauti ya rangi ya kanzu ya padri.

Ndiyo maana mwaka 2001 Vatikani ilitoa jibu fupi sana. Kanisa Katoliki, linalokubali ubatizo wa Walutheri na Waanglikana bila kuurudia, lilisema ubatizo wa Wamormoni si halali. Maneno yanayotamkwa majini yanafanana, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ila anayekusudiwa kwa maneno hayo si yuleyule. Tamko hilo lilitiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuja kuwa Papa Benedikto wa 16. Halikutolewa kwa hasira, na hapakuwa na uchaguzi nyuma yake. Ukilisoma, unaona watu wanaochukulia mafundisho ya wenzao kwa uzito.

Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na upande wa pili nao una lake. Smith alisimulia kwamba alipoomba aonyeshwe ajiunge na dhehebu gani, aliambiwa asijiunge na lolote, kwa kuwa yote yalikuwa yamepotoka. Hadi leo Mkatoliki, Mlutheri au Mpentekoste anayejiunga na Wamormoni hubatizwa upya. Kwa hiyo anayelalamika kwamba Wamormoni wananyimwa Ukristo akumbuke kuwa wao ndio walioanza kwa kusema makanisa mengine yote yamepoteza mamlaka. Uchunguzi wa kituo cha Pew uliotolewa Januari 2012 ulionyesha kuwa asilimia 97 ya Wamormoni wa Marekani wanaihesabu dini yao kuwa ya Kikristo. Kwa Wamarekani kwa jumla ilikuwa asilimia 51 tu. Binafsi naona jibu la haki ni hili: wanamwamini Kristo kwa dhati, na wako nje ya imani ya Nikea. Sentensi hiyo ina pande mbili, na kampeni hazina nafasi ya sentensi zenye pande mbili.

Katika siasa swali hili ni la zamani kuliko Romney. Smith mwenyewe alitangaza kugombea urais mwanzoni mwa 1844, na Juni mwaka huohuo umati wenye silaha ukavamia gereza la Carthage, Illinois, ukamuua pamoja na kaka yake Hyrum. Miaka sita kabla, gavana wa Missouri alikuwa ameamuru Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Wakahamia Utah chini ya Brigham Young mwaka 1847, wakiwa na ndoa za mitala, na mwaka 1856 chama kipya cha Republican kikaandika katika ilani yake kwamba mitala na utumwa ni masalia mawili pacha ya ushenzi. Chama hichohicho, ndiyo.

Kanisa lilitangaza kuachana na ndoa mpya za mitala mwaka 1890, na Utah ikawa jimbo kamili mwaka 1896. Bado Reed Smoot, mtume wa kanisa mwenye mke mmoja, alipochaguliwa kuwa seneta mwaka 1903, Seneti ilimchunguza hadi 1907 kabla ya kumwachia kiti chake. Hakuna aliyemuuliza sana kuhusu Utatu Mtakatifu. Walitaka kujua atamtii nani: Katiba, au nabii wa Salt Lake City?

Kwa msomaji wa Afrika kuna doa jingine linalopasa kutajwa. Hadi Juni 1978, mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Doa hilo liliwafuata wagombea. Mo Udall, aliyewania tiketi ya Democrat mwaka 1976, alikuwa ameshaliacha kanisa siku nyingi, na bado meya mweusi wa Detroit, Coleman Young, alimpiga nalo mbele ya wapiga kura weusi wa Michigan. George Romney, baba yake Mitt, akiwa gavana wa jimbo hilohilo, aliandikiwa barua na mtume mmoja wa kanisa lake mwaka 1964 akionywa asikazane mno na haki za watu weusi. Hakulegeza. Baada ya 1978 mlango ulifunguka: mwaka 2009 Mkenya Joseph Sitati akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia katika uongozi mkuu wa kanisa, na leo Kitabu cha Mormoni kinasomwa kwa Kiswahili.

Turudi kwa Mitt. Desemba 2007, akiwania tiketi ya Republican, alitoa huko College Station, Texas, hotuba ambayo wengi waliilinganisha na ile ya John Kennedy, Mkatoliki, aliyowatolea wachungaji wa Houston mwaka 1960. Kennedy alisisitiza kwamba dini yake ni jambo lake binafsi. Romney alikataa kueleza mafundisho ya kanisa lake, akisema hilo lingekuwa mtihani wa dini ambao Katiba inaukataza, kisha palepale akakiri kwamba anamwamini Yesu kuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi. Alifunga mlango akaacha dirisha wazi. Mpinzani wake Mike Huckabee, mchungaji wa Kibaptisti, akapitia dirishani: alimuuliza mwandishi wa habari kama si kweli kwamba Wamormoni wanaamini Yesu na shetani ni ndugu. Baadaye aliomba radhi.

Mwaka 2011 akaja Robert Jeffress, mchungaji wa kanisa kubwa la Kibaptisti mjini Dallas, akasema waziwazi kwamba Romney si Mkristo. Ilipofika Aprili 2012, mteule akiwa amejulikana, Jeffress huyohuyo akamuunga mkono. Hoja yake ilikuwa kwamba Mmormoni anayeshika misimamo ya Biblia ni bora kuliko Mkristo asiyeishika. Mkristo huyo ni Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, ambaye wakati huo asilimia 17 ya Wamarekani waliamini ni Mwislamu. Siku ya kura, Wakristo weupe wa kiinjili, ambao huku kwetu tungewaita walokole, walimpa Romney asilimia 79. George W. Bush, mlokole mwenzao, alipata kiwango hichohicho mwaka 2004. Ile hofu ya theolojia iliyozungumzwa kwa miaka mitano haikupunguza hata pointi moja.

Mimi nawaheshimu zaidi wale waliokataa kwa sababu ya Nikea, hata kama sikubaliani na kumpima mgombea kwa ungamo la imani. Kumwambia mtu kwamba mnatofautiana kuhusu Mungu ni kumheshimu. Kufuta ukurasa kimyakimya ili apate kura ni kumwambia kwamba imani yake haikuwa na maana kwenu tangu mwanzo.

Miaka minne baadaye mambo yakageuka kwa namna ya ajabu. Oktoba 2016 iliposambaa kanda ya Donald Trump, mgombea urais wa Republican, akijisifu jinsi anavyowashika wanawake, gazeti la Deseret News, mali ya kanisa la Wamormoni, lilimtaka ajiondoe. Jeffress alibaki naye, na asubuhi ya kuapishwa ndiye aliyemhubiria. Utah, iliyompa Romney asilimia 73 mwaka 2012, ilimpa Trump kama 45; zaidi ya asilimia 21 zilikwenda kwa Evan McMullin, Mmormoni aliyegombea bila chama.

Februari 2020 Romney, wakati huo seneta wa Utah, alipiga kura ya kumtia Trump hatiani katika kesi ya kumwondoa madarakani, seneta wa kwanza kufanya hivyo kwa rais wa chama chake. Alisema alikuwa amekula kiapo mbele za Mungu. Safari hii hasira haikutoka kwa Wabaptisti peke yao. Mei 2021, mkutano wa Republican wa Utah, jimbo ambalo wanachama wengi wa chama hicho ni waumini wa kanisa lake, ulimzomea jukwaani, kisha ukapigia kura hoja ya kumkemea rasmi. Hoja ilishindwa kwa kura 798 dhidi ya 711.