Mpini mnene, kikombe kilichokatwa

Mtoto mwenye hali ya Down, yaani aliyezaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada, kwa kawaida huwa na misuli legevu. Vidole havikazi kwenye mpini mwembamba, mkono haugeuki kwa wakati, wali unaishia kifuani. Nyumbani wanaona heri alishwe. Akifika ujana bado analishwa, na kila mtu anailaumu akili yake, kumbe mara nyingine kikwazo kilikuwa mpini.

Mpini mnene hushikika kwa nguvu kidogo, kwa sababu vidole havilazimiki kujikunja hadi mwisho. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanaovipata. Basi usisubiri kijiko maalumu: zungusha mpira wa ndani wa baiskeli, uliooshwa vizuri, kwenye kijiko cha kawaida. Tafuta pia bakuli lenye ukuta wima: chakula kikisukumwa hugota ukutani na kupanda kijikoni. Kitambaa kibichi chini yake hulizuia lisiteleze. Kwa ugali, mkono unatosha.

Kijiko kizito kinasifiwa kupita kiasi. Huweza kumfaa mwenye mkono unaotetemeka. Mwenye misuli legevu humchosha tu. Anayejaza mdomo bila kutafuna apewe kijiko cha chai, matonge yapungue.

Kikombe ndicho kinachosahaulika, nacho kina hatari zaidi. Kinywaji kikikaribia kuisha, ukingo hugonga pua, mnywaji akarudisha kichwa nyuma, na hapo ni rahisi maji kuingia njia ya hewa. Kikombe cha plastiki kikikatwa upande wa pua, na makali yake yakasuguliwa, atakimaliza kichwa kikiwa wima.

Kifaa peke yake hakifundishi. Mzazi aushike mkono wa mtoto kuanzia bakulini, auachie kijiko kikikaribia mdomo ili hatua ya mwisho iwe ya mtoto mwenyewe. Mtoto akiimudu, mzazi auachie mkono mapema zaidi. Huchukua wiki, pengine miezi, na nguo nyingi za kufua.

Lakini anayekohoa kila mlo, ambaye sauti yake hukoroma kama ina maji baada ya kunywa, au anayerudiwa na nimonia, huyo apelekwe hospitali akaangaliwe anavyomeza kabla ya kutafutiwa kijiko chochote.