Waya ya intaneti inakatika-katika ofisini: tutafute kwanza, tununue baadaye



Katika jarida hili tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Mara hii tunaongea juu ya kompyuta ya ofisi, kwa sababu siku hizi nayo ni chombo cha kulimia. Komande ya mbegu inapita humo. Kilo za kila mwanamemba, bei za soko la Bukavu, barua ya mnunuzi, vyote vinapita humo. Msimu A huku kwetu unaanza mwezi wa 9. Koperative ikishindwa kutuma komande yake mwezi wa 8 kwa sababu intaneti inakatika mara kumi kwa siku, si kompyuta ndiyo itakayolala njaa.

Ofisi nyingi, Luhwindja na sehemu zingine za Mwenga na Walungu, zimepangwa namna moja: pano ya sola na batri, antena juu ya bati, kisanduku cha kugawa intaneti (ruta, wengine wanasema modemu), na waya inayotoka kwa ruta mpaka kwa kompyuta ya sekretere. Malalamiko nayo ni yale yale: intaneti inakuja, inaenda, inarudi. Tunaita fundi kutoka Bukavu, tunamlipia pikipiki, na siku anafika kila kitu kinatembea muzuri. Akienda tu, inakatika tena. Halafu komite inasema: "Hii mashini imezeeka, tununue ingine." Michango ya wanamemba inatoka, mashini mpya inakuja, na shida inabaki, kwa sababu mgonjwa hakuwa kompyuta.

Mnakumbuka mnyauko wa migomba. Zamani tulifundishwa kung'oa mgomba wote pamoja na watoto wake. Baadaye wakulima wengi wa Kivu walijifunza kukata shina lile tu lenye ugonjwa, mapema na bila kuchoka, na shamba likabaki. Na hapa ni vile vile: tutafute kipande kinachougua, tuache vizima.

Intaneti inapita njia gani?

Iko na vipande vitano: (1) umeme, (2) antena na mtandao wa nje, (3) ruta, (4) waya na vichwa vyake viwili, (5) kompyuta yenyewe. Ikikatika kabisa, ni rahisi kuona. Ikikatika-katika, inajificha. Kwa hiyo tunahitaji macho na daftari.

Hatua ya 1: Angalia taa wakati ule ule

Pale waya inapoingia, kwa ruta na kwa kompyuta, mara nyingi kuko taa ndogo ya kijani au ya machungwa. Intaneti ikikatika, usiguse kitu kwanza. Angalia:

- Taa zote za ruta zimezimika kisha zikaanza upya: shida ni umeme wa ruta.
- Taa ya waya peke yake imezimika, zingine zinawaka: shida iko kwa waya, vichwa vyake, tundu, au kompyuta.
- Taa zote zinawaka kawaida lakini kurasa hazifunguki: mara nyingi shida iko mbele zaidi, kwa antena, kwa mtandao wa nje, au forfe imeisha.

Andika katika daftari tarehe, saa, taa gani, mvua au jua, na nani alikuwa anachaji telefone. Ni kama daftari la kupimia mvua. Siku moja haisemi kitu, lakini wiki mbili zinasema mengi.

Hatua ya 2: Uliza ruta, kisha uliza nje

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Entrée. Dirisha jeusi linafunguka. Andika ipconfig, utafute mstari wa "Passerelle par défaut". Namba yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ndiyo anwani ya ruta. Sasa andika ping -t, acha nafasi, weka namba ile. Fungua dirisha la pili uandike ping -t 8.8.8.8, hiyo ni mashini ya nje inayojibu dunia nzima.

Kila sekunde utaona "Réponse de..." Ikikatika utaona "Délai d'attente de la demande dépassé" au maneno mengine ya kushindwa. Ruta ikiendelea kujibu na 8.8.8.8 imenyamaza, waya yako ni nzima: ongea na yule anayewauzia intaneti. Ruta yenyewe ikinyamaza, shida iko ndani ya ofisi. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C, usiiache ikile forfe bure.

Jaribio hili la dakika tano linaokoa safari nyingi za fundi. Na hata mukimuita, mutamuambia upande gani wa kuangalia.

Hatua ya 3: Waya na vichwa vyake

Ndani ya waya ya intaneti kuko nyuzi 8, zimesokotwa mbili mbili, kwa hiyo jozi 4. Kusokotwa kwenyewe ni dawa: kunapunguza kelele za umeme kutoka waya za jirani. Kila mwisho kuko kichwa cha plastiki chenye ulimi mdogo unaolia "tak!" ukiingia. Ulimi ukivunjika, kichwa hakishikamani tena. Mtu akisukuma meza, mtoto akivuta waya, intaneti imekatika. Hiyo ni sababu moja ya kawaida sana, na ndiyo ya bei ndogo zaidi.

Jaribu hivi. Mtu mmoja aangalie taa, mwingine atikise kichwa cha waya polepole, upande huu na upande ule. Taa ikizimika, mumempata mgonjwa. Kisha azima waya ingine fupi, ambayo munajua ni nzima, mufanye nayo kazi siku nzima. Mubadilishe kitu kimoja tu kwa mara moja. Mnajua shamba la majaribio: ukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi pamoja, hutajua ni nini kimeleta mavuno.

Hata jozi moja tu inaweza kuugua. Kwa mwendo wa megabiti 100, mashini zinatumia jozi 2. Kwa mwendo wa 1000, zinatumia zote 4. Jozi moja ikiwa mbaya, ruta na kompyuta zinaweza kujaribu 1000, kushindwa, kukatika, kujaribu tena, au kushuka 100. Kama vyombo vyote viwili viliundwa kwa 1000 na kompyuta inaonyesha 100, shuku ile waya.

Vitu vinavyoua waya huku kwetu:

- Panya. Angalia kando ya ukuta na juu ya plafon, utafute alama za meno.
- Waya ya ndani kuwekwa nje. Jua linapasua ngozi yake, mvua inaingia. Kwa nje tafuta waya ya nje, au uipitishe ndani ya bomba.
- Maji kufuata waya mpaka ndani. Kabla ya tundu la ukuta, acha waya ining'inie kidogo chini ya tundu kisha ipande: matone yataanguka nje.
- Kukunjwa sana, kupigiliwa musumari, kukanyagwa na mlango.
- Kulazwa sambamba na waya nene za umeme. Ziachanishe, zikibidi kukutana, zipitane kama msalaba.
- Urefu. Waya hii haipiti metre 100. Kutoka depo mpaka ofisi, pimeni kwanza.

Waya ikikatika katikati, tusiifunge na sashe au skochi, haitadumu. Ni kuibadilisha, au kukata na kuweka vichwa vipya kwa koleo ya kubana. Mpangilio wa rangi unaotumiwa sana ni huu, ulimi ukiwa upande wa chini, kutoka kushoto: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Miisho yote miwili ifanane. Wengi wanaweka kijani na kijani pamoja kwa kupenda unadhifu. Hapo nyuzi hazifuati tena jozi zao, na intaneti itasumbua.

Hatua ya 4: Umeme wa sola

Kama daftari linaonyesha kwamba intaneti inakatika jioni, au siku za mawingu, angalia batri kabla ya waya. Batri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu 12,6. Ikifika karibu 12 bila mzigo, imechoka sana. Ruta inaanza kujizima na kujiwasha, na sisi tunashtaki mtandao.

Koperative nyingi zinachaji telefone za watu ili kupata franka kidogo. Si vibaya. Lakini jaribuni siku moja bila zile telefone. Ruta ikitulia, mumeelewa: ama mupunguze mzigo, ama muongeze pano. Hesabuni pia: franka za kuchaji zinazidi hasara ya komande iliyochelewa?

Angalieni na kichaji cha ruta. Chini ya ruta imeandikwa volti na ampere zinazohitajika, kwa mfano 12 V na 1 A. Volti lazima ziwe zile zile, ampere zisiwe chini. Kichaji kinaweza kuingia vizuri katika tundu na kumbe si chake.

Hatua ya 5: Ndani ya kompyuta

Waya ikiwa nzima na umeme umetulia, tunaingia katika mipangilio. Windows nyingi za huku ziko kwa Kifaransa, tunaandika jinsi mutakavyoona.

a) Kompyuta inalaza kadi ya waya ili kuokoa umeme, halafu kadi inachelewa kuamka. Fungua "Gestionnaire de périphériques", ingia "Cartes réseau", bonyeza mara mbili jina la kadi ya waya, fungua "Gestion de l'alimentation". Ondoa alama kwenye "Autoriser l'ordinateur à éteindre ce périphérique pour économiser l'énergie". Ukurasa ule usipoonekana, pita mbele.

b) Pale pale, katika "Avancé", tafuta mstari wa mwendo na "duplex". Uwe "Négociation automatique". Mtu akiwa ameulazimisha upande mmoja tu, mashini mbili zinaweza kukosa kuelewana.

c) Anwani kugongana. Mashini mbili zikipewa namba moja, moja inamsukuma mwenzake. Alama yake: intaneti ya sekretere inakatika kila mara kesie anapowasha mashini yake. Katika mipangilio ya anwani, zote mbili ziwe kwenye "Obtenir une adresse IP automatiquement".

d) Tundu la kompyuta limejaa vumbi au limelegea. Zima mashini, pulizia polepole. Kama tundu limekufa kabisa, kuko kadi ndogo ya waya inayoingia katika USB. Bei yake ni ndogo sana kuliko kompyuta mpya.

Neno moja juu ya ruta: waya isiwe na miisho yote miwili katika kisanduku kimoja. Mtu anaona tundu tupu, anaichomeka kwa kusaidia. Habari zinaanza kuzunguka ndani bila kutoka, na ofisi nzima inasimama.

Radi

Milima ya mashariki ya Congo, magharibi mwa Ziwa Kivu, iko kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Hesabu za satelaiti zilizotangazwa 2016 ziliweka sehemu moja ya huku katika nafasi ya pili, nyuma tu ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Kwa hiyo kuzima kompyuta peke yake hakutoshi. Mvua ikionekana mbali, kabla haijafika, chomoa umeme na pia chomoa waya ya intaneti kwa kompyuta, maana radi inaweza kupitia antena na waya ile mpaka ndani. Radi ikiwa imeshafika juu ya ofisi, usiguse waya tena. Mashini inanunuliwa, mtu hanunuliwi.

Pigo dogo haliui kila mara. Linaweza kuacha tundu likiwa nusu hai, likikatika-katika miezi mingi. Kama shida ilianza baada ya mvua kubwa, muandike, halafu mujaribu tundu lingine la ruta.

Kabla ya kutoa pesa

Tunaomba kila komite ichague watu wawili, na mmoja awe kijana au mama anayekaa karibu na ofisi, washike daftari kwa wiki mbili. Mubandike karatasi ndogo kwenye kila waya: inatoka wapi, inaenda wapi. Kisha mufuate mpangilio huu wa matumizi: kwanza waya fupi mpya, kisha vichwa, kisha kichaji cha ruta, kisha kadi ya USB, kisha batri au ruta. Kompyuta mpya ni ya mwisho kabisa, na komite isiikubali kama daftari halijaonyeshwa mbele ya wanamemba. Pesa ile ni magunia ya viazi na maharagwe yaliyobebwa mgongoni. Kila mmoja ana haki ya kuuliza imeenda wapi.

Na mpaka shida iishe, orodha za mbegu na za kilo zisibaki ndani ya mashini moja. Zinakiliwe kwenye karatasi na kwenye flashi, na zitumwe mapema, siku nyingi kabla ya mwisho. Mvua ya mwezi wa 9 haitangojea intaneti irudi.