Mwalimu Arudipo Chuoni

Sisi watu wa pwani tulilijua neno "chuo" kabla halijaja neno "Chuo Kikuu". Chuo kilikuwa kwa maalim: mkeka, ubao, wino na juzuu ya Amma. Mtoto akihitimu, hufanyiwa khitma, kisha huenda zake kutafuta riziki. Siku hizi wako watu wazima, wengine wana wajukuu, wanaorudi chuoni hali wangali kazini. Mmoja wao nimeonana naye Mwatate. Ni mwalimu mkuu wa sekondari, naye anasomea udaktari wa elimu. Jina lake nalihifadhi, maana shahada hajaipata bado, wala si mtu wa kupenda kutangazwa.

Mwatate si mbali na Voi. Shika njia ya Taveta, pita kwenye mashamba ya mkonge, kando ya reli iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, utafika njia panda ya kupanda Wundanyi. Huko juu, Ngerenyi, kipo Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016. Elimu ya juu, basi, si ngeni kwa watu wa hapa. Kigeni kwao ni mtu kuishika huku mkono wa pili umeshika chaki.

Nilimwuliza, "Mwalimu, kazi unayo, nyumba unayo. Udaktari wa nini tena?"

Akacheka. "Mzee wangu, liko swali moja nimelikisia miaka mingi. Sasa nataka nilijue."

Swali lenyewe ni hili: kwa nini watoto wengine huchelewa shule kila siku, kisha mwisho wake wakaacha kabisa? Walimu husema ni uvivu. Wazazi husema ni umaskini. Yeye mwenyewe aliwafagilisha uwanja wachelewaji miaka nenda miaka rudi. Alipoanza kusoma alifunzwa kuhesabu kabla ya kuhukumu. Akafungua madaftari ya mahudhurio, akaandika kila mchelewaji atoka wapi na apita njia gani. Akaona wengi hutoka upande ambao ndovu wa Tsavo huingia mashambani usiku, na mama hamwachilii mwanawe mlangoni mpaka kupambazuke. "Mtoto niliyemwita mvivu," aliniambia, "alikuwa akimngoja ndovu aondoke."

Hapo ndipo nilipofahamu maana ya udaktari wa namna hii. Ule uliozoeleka, wa falsafa, aghalabu swali lake hutoka vitabuni, na mwenye kuusomea hutarajiwa kuwa mtaalamu wa chuo kikuu. Huu wa watu wa kazi, swali lake hutoka kazini na jibu lake hutakiwa lirudi kazini. Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kiliutoa mwaka 1921. Uingereza ulichelewa: Bristol ilianza mwaka 1992. Kwa kawaida msomaji huanza na masomo ya darasani na insha, kisha akafanya utafiti na kuandika tasnifu. Asomaye kwa saa za ziada huweza kuchukua miaka minne, sita, hata saba.

Na mitihani yake si ya karatasi tu. Mwalimu mkuu akiwahoji walimu walio chini yake, nani atathubutu kumwambia ukweli? Ndiyo maana hutakiwa apate ridhaa za watu, afiche majina yao, na hapa Kenya awe na kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kisha kuna karo. Kuna safari za kumwona msimamizi wakati wa likizo, wenzake wakipumzika. Mkewe alinimiminia chai, akasema, "Hii digrii tunaisoma wawili, Mzee. Yeye anasoma vitabu, mimi nasoma bei ya unga." Wakacheka wote wawili, lakini niliona kicheko cha mama kilitangulia kukoma.

Asije mtu akadhani kusoma huku unafanya kazi kumeletwa na meli. Darsa zetu za baina ya Magharibi na Isha zilijaa wavuvi, mafundi na wenye maduka. Na mtazame Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982). Alikuwa mwalimu wa shule za serikali Unguja, akawa mkaguzi wa masomo, na huku akisoma, akisomesha na kuandika. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilipochapwa kamili mwaka 1969, yeye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka uliotangulia. Hakungoja kustaafu ndipo ashike kalamu.

Hata neno "daktari" lina asili ya kutufaa. Kwa Kilatini latokana na kufundisha, na zamani huko Ulaya shahada hiyo ilikuwa ruhusa ya kusomesha. Wanavyuoni wetu huiita ijaza. Mwenye kupewa ijaza haitundiki ukutani akalala. Hukaa msikitini akasomesha waliomzunguka.

Basi neno langu ni hili. Sisi tulilelewa kumwomba Mola elimu yenye manufaa, si elimu tupu. Tasnifu ngapi zimeandikwa juu ya shule zetu, nazo zimelala makabatini, kwa Kiingereza, wasizione wazazi waliohojiwa? Atakayesomea udaktari akiwa kazini, na aandike muhtasari wake kwa Kiswahili, kurasa tatu zatosha, ausome mbele ya baraza la wazazi. Maprofesa wamtahini kwa ilimu yake. Mama wa njia ya ndovu amtahini kwa manufaa yake.

Bwana yule wa Mwatate ameahidi atafanya hivyo. Lakini kengele ya asubuhi hakuingoja shahada. Ameshaisogeza mbele nusu saa.