Fahamu: Shule ya kuchora mtandaoni hukuaje?

Masomo ya Drawabox, shule ya kuchora mtandaoni, ni ya bure. Mwanafunzi huchora kwa kalamu ya wino. Mstari ukienda kombo, haufutiki. Zoezi lake maarufu ni kuchora masanduku 250. Ukimaliza ukurasa, unarefusha mistari ya kila sanduku kwa wino wa rangi nyingine uone kama inaelekea kukutana. Hapo kosa linajianika lenyewe.

Kinachosaidia kuikuza ni wanafunzi kukaguliana kazi. Wanaotaka ukaguzi rasmi hulipia, na hivyo shule huendelea.

Lakini kanuni ya Drawabox ninayoithamini kuliko zote ni hii: nusu ya muda wako wa kuchora, chora unachopenda. Mazoezi matupu huwakimbiza wengi, hata wenye kipaji.