Bondia Aliyesimama Chini ya Maji

Sogeeni, wanangu. Hadithi hii ni ya kweli, ila katikati yake kuna uongo mmoja mtamu.

Mwaka 1961, mjini Miami, Marekani, alikuwako kijana wa miaka 19 aitwaye Cassius Clay. Mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa medali ya dhahabu ya ngumi kwenye Olimpiki ya Roma, kisha akaingia ngumi za kulipwa. Ninyi mnamjua kwa jina alilolichukua baadaye: Muhammad Ali. Akaja mpiga picha mmoja, Flip Schulke, kumpiga picha kwa ajili ya jarida la michezo. Kijana, mdomo wake haujui kupumzika, akamdadisi: na wewe hupiga picha gani nyingine? Schulke akamjibu kwamba hupiga pia picha za chini ya maji, na jarida kubwa la Life huzichapisha.

Masikio yakamsimama Clay. Papo hapo akasema: basi hata mimi hujifua majini! Akaeleza kwamba maji huzuia ngumi, na ngumi ikizoea kuzuiwa, ikitoka nje huwa nyepesi.

Schulke akanasa. Akazama na kamera yake kwenye bwawa la hoteli, na picha zikatoka za ajabu. Katika moja, Clay amesimama wima juu ya sakafu ya bwawa, amekunja ngumi kama anayemsubiri mpinzani ulingoni. Life wakazichapa. Ukweli ulikuja kujulikana miaka mingi baadaye: kijana hakuwa na mazoezi yoyote ya majini. Hata kuogelea alikuwa hajui!

Sasa tuupime uongo wake, maana uongo wa mtu mwerevu haukosi chembe ya kweli.

Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Simama kwenye maji ya kifuani, kunja ngumi, isukume mbele polepole: maji yanakupisha. Irushe tena kwa kasi maradufu. Nguvu inayokuzuia haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ukizidi kuharakisha, maji nayo yanazidi kukukatalia. Na ukiurudisha mkono unazuiwa tena, jambo ambalo hewani hulihisi hata kidogo. Basi misuli ya kifua inafanya kazi, ya mgongo nayo inafanya kazi, na moyo unakwenda mbio. Hapo Clay hakukosea.

Isitoshe, maji hukubeba. Yakikufika kifuani, miguu yako hubeba kama theluthi tu ya uzito wako. Yakifika shingoni, kama sehemu moja kati ya kumi. Ndiyo maana wanariadha walioumia goti huvaa mkanda wa kuelea na kukimbia kwenye kina kirefu, miguu haigusi chini, ili pumzi zao zisipotee wakati jeraha linapona. Wazee wenye maumivu ya viungo nao hupata nafuu kwa mazoezi hayo.

Lakini ngumi je? Hapa ndipo uongo unapoonekana. Konde la bondia halianzii begani. Huanzia unyayoni: mguu unaisukuma ardhi, kiuno kinazunguka, bega linafuata, mkono unamalizia. Majini unyayo hauna pa kukaza. Rusha konde zito humo uone, mwili wenyewe utarudi nyuma. Tena mwili hushika kasi unayoufundisha. Anayerusha ngumi polepole kila siku atakuwa fundi wa ngumi za polepole. Na utajiri wa Clay ulikuwa kasi! Kasi hiyo aliipata nchi kavu, kwa kukimbia, kuruka kamba na kupiga mfuko wa mazoezi, kocha Angelo Dundee akimsimamia. Februari 1964, hapo jirani Miami Beach, akamshinda Sonny Liston na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Miaka kumi baadaye, kule Kinshasa, akamwangusha George Foreman katika raundi ya nane.

Kwa hiyo maji ni mwalimu mzuri wa moyo, pumzi na viungo, lakini kupigana hayafundishi. Mkitaka kuyajaribu, kichwa kibaki nje, maji yasizidi kifua, na awepo mtu mzima anayejua kuogelea akiwatazama. Wala msishindane kubana pumzi chini ya maji, kwa sababu hata muogeleaji hodari anaweza kuzimia humo ghafla, akazama kimya kimya wenzake wakidhani anacheza.