Redio ya Kopo: Kazi za Victor Papanek, Mbunifu wa Bidhaa

Kopo tupu la maji ya matunda, nta ya mshumaa, utambi, nyaya chache, transista moja na kisikilizio cha kutia sikioni: hivyo ndivyo vifaa ambavyo Victor Papanek na mwanafunzi wake George Seeger walivitumia, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuunda redio isiyohitaji betri wala umeme wa nyumbani. Kazi hiyo ilifanyika katika Chuo cha North Carolina State, nchini Marekani, na ilikusudiwa vijiji vya nchi za mbali, hasa Indonesia. Aliyezoea koroboi ataitambua sura yake mara moja. Tofauti ni kwamba moto wa koroboi huwashwa kwa ajili ya mwanga, na moto wa kopo hili uliwashwa kwa ajili ya sauti.

Nta iliyojazwa mara moja iliwaka kwa muda wa saa 24 hivi. Ikiisha, mwenye redio aliweza kutia nta nyingine, karatasi, samadi iliyokaushwa au kitu chochote kinachoungua. Gharama ya kuitengeneza kwa mikono, katika karakana ndogo, ilikadiriwa kuwa senti 9 za Marekani.

Je, moto huwezaje kuendesha redio? Mwaka 1821, mjini Berlin, Thomas Johann Seebeck alionyesha kwamba nyaya mbili za metali tofauti zikiungwa ncha kwa ncha, kisha kiungo kimoja kikapashwa moto na cha pili kikabaki baridi, athari ya umeme hutokea. Kifaa cha namna hiyo huitwa themokapo. Jaribio lake laweza kufanywa katika maabara yoyote ya shule. Waya wa chuma husokotwa na waya wa shaba. Kiungo kimoja huwekwa juu ya mwali wa mshumaa, cha pili katika maji baridi, na galvanomita nyepesi huungwa katika mzunguko huo. Sindano itasogea. Mwalimu aangalie lakini asizidishe moto: katika jozi ya chuma na shaba umeme huongezeka mpaka kiungo kifikie joto la sentigredi 280 hivi, kisha huanza kupungua, na wanafunzi wanaodhani kwamba moto mkali zaidi huleta umeme mwingi zaidi hushangaa.

Umeme wenyewe ni haba. Jozi ya shaba na konstantani, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hutoa milivolti 9 hivi wakati kiungo kimoja kimo katika barafu inayoyeyuka na cha pili kina joto la sentigredi 200. Jozi 11 zikiungwa mfululizo hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya volti. Ilikuwa bahati njema kwamba transista za germaniamu za zama zile zilianza kufanya kazi kwa volti 0.1 hadi 0.2 tu, na kwamba kisikilizio cha sikioni hutosheka na nguvu kidogo mno. Ugumu mkubwa wa chombo kama hiki hauko katika kupata moto. Uko katika kukiweka kiungo cha pili kiwe baridi, kwa maana kopo lenyewe hupata joto, na viungo vyote viwili vikiwa na joto sawa umeme hukoma.

Inafaa kusema hapa kwamba wazo la kuendesha redio kwa moto halikuwa geni. Katika miaka ya 1950, huko Urusi, zilitengenezwa taa za mafuta zilizozungushiwa themokapo nyingi ili kuendesha redio za mashambani. Jambo jipya la Papanek na Seeger lilikuwa uhafifu wa kila kitu: waliondoa kila sehemu ambayo ingeweza kuondolewa.

Sehemu mojawapo waliyoiondoa ilikuwa kitafutio cha stesheni. Katika redio ya kawaida, koili na kapasita huchagua mawimbi ya kituo kimoja na kuyazuia mengine. Redio ya kopo haikuwa na chaguo hilo. Ilipokea kila kituo chenye nguvu kilichokuwa karibu, vyote kwa pamoja. Mjini zingesikika sauti zilizochanganyikana. Lakini Papanek alieleza kwamba mahali ilikokusudiwa palikuwa na kituo kimoja tu, hivyo hapakuwa na haja ya kuchagua. Jambo hili litarudiwa hapa chini, kwa kuwa ndilo lililoleta mgogoro.

Papanek alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1923, akakimbilia Marekani akiwa kijana kwa sababu ya utawala wa Wanazi, na akafundisha katika vyuo kadhaa mpaka alipofariki mwaka 1998 katika jimbo la Kansas. Kitabu chake kinachojulikana zaidi, *Design for the Real World*, yaani ubunifu kwa ajili ya dunia halisi, kilitoka kwanza kwa Kiswidi mwaka 1970 na kwa Kiingereza mwaka 1971. Ndani yake aliwashutumu vikali wabunifu wenzake kwa kupoteza vipaji vyao katika vitu vya fahari vya matajiri. Aliwataka watoe walau zaka: sehemu moja ya kumi ya muda wao, au ya mawazo yao, kwa watu wasio na uwezo wa kuwalipa. Mwenyewe alipinga hataza, akaona ni afadhali mawazo yake yachukuliwe bure na yeyote mwenye haja nayo.

Mwaka 1966 alionyesha picha za redio yake katika Chuo cha Ubunifu cha Ulm, ambacho wakati huo kilikuwa maarufu sana kwa bidhaa zake nyofu zisizo na mapambo. Kwa maelezo yake mwenyewe, walimu kadhaa waliondoka ukumbini kwa kuchukizwa na ubaya wa kopo lile. Mmoja alishauri kwamba walau lipakwe rangi ya kijivu. Papanek alikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya hesabu: rangi ingeongeza gharama, ndogo kwa redio moja lakini kubwa kwa mamilioni. Ya pili ni ya heshima: hakuona kwamba ana haki ya kuwachagulia urembo watu wa utamaduni mwingine. Kopo liliachwa tupu makusudi. Baadaye alichapisha picha ya redio iliyopambwa nchini Indonesia kwa vipande vya kitambaa na karatasi za rangi, vioo na kombe za pwani. Walimu wa Ulm wangeona kinyago; Papanek aliona kwamba mwenye redio amekuwa mbunifu mwenzake.

Hoja hiyo ni nzuri, na wasomaji wengi wa kitabu chake waliipenda. Wengine lakini waliuliza kwa nini heshima iishie nje ya kopo. Papanek mwenyewe alikuwa ameandika kwamba wazo la redio lilitokana na Jeshi la Marekani, lililomweleza juu ya vijiji ambavyo watu wake hawakujua kusoma, hawakuwa na fedha za betri, na hata habari za taifa lao hazikuwafikia. Katika miaka ya 1970 Gui Bonsiepe, mbunifu Mjerumani aliyefundisha Ulm kisha akafanya kazi Chile, alimshambulia kwa jambo hilo na kuliita ukoloni mamboleo. Msikilizaji aliyepewa chombo chenye stesheni moja hawezi kukataa sauti anayoletewa ila kwa kuzima moto.

Shutuma hiyo haiondoki kwa kusema kwamba koili na kapasita zingepandisha bei. Rangi na kitafutio cha stesheni viliachwa kwa sababu ileile ya gharama, lakini matokeo yake hayafanani hata kidogo: kukosekana kwa rangi kulimwachia mwanakijiji uamuzi, na kukosekana kwa kitafutio kulimnyang'anya. Kwa upande mwingine, kijiji kisicho na redio yoyote hakina uchaguzi mpana zaidi, na mtu mwenye kisikilizio sikioni angalau hupata habari za mvua, bei na maradhi. Wanafunzi wanaosoma mizunguko ya redio wanaweza kulijadili jambo hili penseli zikiwa mikononi, kwa kuchora mzunguko huo mara mbili, mara moja ukiwa na koili na kapasita na mara moja bila hizo.

Kazi nyingine ya Papanek ilikuwa ya furaha zaidi. Mwezi Julai 1968, katika kisiwa cha Suomenlinna karibu na Helsinki, Finland, aliwaongoza wanafunzi katika kubuni na kuunda chombo cha kuchezea cha watoto wenye utindio wa ubongo, hali ambayo viungo vya mwili haviitii akili ipasavyo. Kiliitwa CP-1. Kilikuwa mchemraba mkubwa wa kuhamishika, wenye vitu vya kushika, kupapasa na kuchezea, na kilikamilika kwa muda wa saa 30 tu. Watoto wenye hali hiyo huhitaji mazoezi mengi ya viungo, na mazoezi ya hospitali huchosha. Wanafunzi wale waliyaficha mazoezi ndani ya mchezo, ili mtoto ajinyooshe kwa kuwa anataka kukifikia kitu fulani, si kwa kuwa ameamriwa. Safari hii walengwa hawakuwa mbali na karakana. Waliishi katika mji uleule.

Tofauti hiyo Papanek aliifahamu. Katika kitabu chake alizipanga kwa ngazi njia ambazo mbunifu aweza kuzisaidia nchi maskini. Ya chini kabisa ni kubaki ofisini kwake Ulaya au Marekani na kuwabunia watu asiowaona. Inayofuata ni kuwatembelea kwa muda mfupi. Kisha kuhamia kwao. Na iliyo bora ni kuwafundisha wabunifu wenyeji, nao wawafundishe wengine, mpaka yeye asihitajiwe tena. Redio ya kopo ilikuwa ya ngazi ya kwanza. Toleo la pili la kitabu lilipotoka mwaka 1984, aliandika kwamba mengi aliyoyasema kuhusu nchi hizo sasa yalionekana ya kitoto, lakini baadhi yake aliyaacha makusudi, ili msomaji aone jinsi yeye na wenzake walivyowatazama watu hao kama wa kuhurumiwa tu. Redio nayo iliachwa humo.